Dole la Kakenya

Naisula alikuwa peke yake: kamera yeye, sauti yeye, taa yeye, hata kusoma maoni ya watazamaji kwenye simu ni yeye huyo huyo. Kazi ya watu wanne, jamani, na kiti hajapewa. Alisimama nyuma ya ukumbi wa hoteli mjini Karatu, na Piusi, mratibu wa mkutano, amemganda kama kupe.

Mkutano ulirushwa mubashara ili watu wote waone jinsi wafugaji wa Ngorongoro wanavyohama kwa hiari. Mzungumzaji mkuu alipomaliza, makofi yakalia. Ndipo akainuka mama mmoja ambaye hakuwamo kwenye ratiba, akashika maiki.

Alikuwa Kakenya, mama mzazi wa Naisula.

Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliokubali kuhama, na pembeni yake alama ya dole gumba. Dole la nani, Mungu ndiye ajuaye. Alitoka bomani alfajiri kwa sababu bintiye alimwambia, "Njoo, yeyo. Nikikuweka hewani, hakuna wa kukufuta."

"Zima sauti," Piusi akasema.

"Bosi, ndo kwanza anaanza."

"Picha iache, bibi kapendeza. Sauti ndiyo uzime." Akamsogelea, akaongea taratibu kama mtu mwema. "Mdogo wako Tajewo bado yuko mahabusu, ee? Jumatatu naonana na mkubwa wa pale. Nimwambie nini?"

Kidole cha Naisula kikashuka chenyewe kwenye kitufe cha sauti. Hapana, tusidanganyane: alikishusha yeye.

Kakenya aliongea Kimaasai, bila haraka. "Mimi sijakubali." Akainua dole gumba juu, kamera ilione vizuri. "Dole langu hili hapa. Halijagusa wino wa mtu."

Kwenye simu alionekana mama asiye na sauti, ameinua dole. Maoni yakamiminika. *Safi sana mama! Hongera bibi kwa kukubali!* Na alama za dole juu, madole juu ya madole, mia, mia tatu. Piusi alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Dada, hiyo picha nitolee. Tunaiweka kwenye bango."

Naisula alitamani kulia, lakini nani angeshika kamera?

Mkutano ulipofungwa, Kakenya alimfuata. Naisula akainamisha kichwa kumwamkia, kama alivyofundishwa utotoni, na mama akamwekea kiganja utosini.

"Wamesikia?"

"Wamekuona, yeyo."

"Nauliza, wamesikia?"

Naisula hakuinua uso. "Wamesikia."

"Ngai akubariki, mwanangu." Kakenya akaichungulia simu. "Na haya madole ni ya nini?"

"Ni ya watu... wanaokuunga mkono."

Uso wa mama ukachangamka. Wote hawa! Akainua dole lake tena, kuwajibu.

Piusi, aliyekuwa mlangoni, akampiga picha nyingine.