Mawimbi Yaishie Mferejini

Basi dogo la kwenda Ujerumani lilikuwa limeshaanza kutembea. Svetla alikuwa ametoa kichwa dirishani, na mama yake, Zyumbyula, alilifuata kwa nyuma na birika la shaba akimwaga maji barabarani, ili safari iteremke kama maji.

“Jioni, mama! Chini ya mpopla!”

“Nimesikia, sijawa kiziwi! Rudisha kichwa ndani, wewe!”

Minka, mtoto wa Svetla, hakulia. Aliuliza tu asparaga ni mnyama gani, maana mama yake alikuwa anakwenda kukata mboga hizo mashambani.

Mpopla huo, mti mrefu mwembamba, umesimama kando ya mfereji unaotenga mji wa Gorno Izvorche na Mahala ya Chini, mtaa wanakokaa Waroma, ambao watu wa juu huwaita Wajipsi. Waifai ya bure ya uwanja wa mji ilitoka kwenye kisanduku cheupe chini ya saa ya halmashauri, ikafika mfereji na kupita kidogo. Jioni watu wa Mahala walikaa chini ya mpopla, kila mmoja anaongea na wake wa mbali, mmoja Bologna, mwingine Dortmund, na kila mmoja anapaza sauti kumshinda jirani.

Meya Hristozov hakupenda. Akamwita fundi Ognyan Kehayov, mzee aliyetengeneza redio, lifti na majokofu nusu ya Balkani bila kulala majira mawili ya baridi mahali pamoja.

“Mji umekuwa stesheni,” Meya alisema.

“Wao wako ng'ambo ya mfereji, bwana Meya. Uwanjani hawafiki.”

“Waifai inawafikia. Ifanye isiwafikie.”

Ognyan akapanda ngazi. Alificha jina la mtandao, ili simu isiyoujua isiuone. Akaweka nywila, moja kwa kila simu, ya kuchukuliwa na mwenye anwani kwenye dirisha la halmashauri. Mwisho akashusha nguvu ya mawimbi mpaka chini kabisa, akatembea na simu mkononi kuona waifai inapokufa. Ilikufa kwenye ukingo wa mfereji. Akaridhika, akakunja ngazi.

Jumapili kengele ya kanisa ilipigwa, na sauti yake ikaishia mferejini. Watu wa Mahala waliiona ikiyumba tu.

“Imekatwa ulimi?” mtu aliuliza.

“Hapana, wameshusha nguvu.”

Harufu ya mkate nayo ikafika mferejini ikageuka kurudi. Kivuli cha mpopla kikawa kinakatika katikati. Siku ya Mtakatifu Georgi, Mahala walichoma kondoo na kupiga zumari mchana kutwa, na kule juu hawakunusa wala kusikia kitu. Walisema mwaka huo sikukuu ilikuwa na staha.

Simu aliyopiga Svetla, ilipokosa pa kutua, ilisimama hapo ukingoni. Jioni Svetla mwenyewe alionekana kwenye ukingo wa juu, na aproni ya mpira na matope ya Ujerumani kwenye buti, akisema maneno. Ng'ambo, Minka aliona mdomo tu. Zyumbyula alimshika mtoto mkono wakavuka daraja, lakini walipokanyaga ukingo wa juu pakawa patupu, kwa kuwa simu ya bibi haikuwa na nywila. Wakarudi chini, Svetla akawepo tena.

Stamena, mke wa mwoka mikate wa mjini, mwenye nywila yake, alipita ukingo wa juu na baiskeli.

“Umekonda, Svetla. Hawakulishi huko?”

“Wanatulisha asparaga, dada.”

“Si uvuke basi, umsalimie mtoto?”

“Siwezi. Naishia hapa.”

Stamena aliangalia, akakubali kwamba kweli anaishia hapo. Siku chache alibeba salamu za huku na huku, kisha akachoka. Ana mikate.

Zyumbyula akaenda dirishani kwa Dobrina, karani wa halmashauri.

“Anwani yako, bibi?”

“Nyumba ya tatu ukitoka kwenye mpopla.”

“Hiyo si anwani, hiyo ni hadithi.”

“Nimezaa watoto watano ndani ya hadithi hiyo.”

“Nyumba haina hati, njia haina jina. Kwenye karatasi hukai popote.”

“Na mlipokuja kuomba kura, mlinikuta wapi?”

Dobrina alicheka sana, wala hakuwa na chuki. Alimweleza kwamba anaweza kuomba apewe anwani. Majibu ya maombi hutumwa kwenye anwani ya mwombaji.

Ognyan bado alikuwepo mjini, kwa kuwa padri alitaka kujua nusu ya kengele inakwenda wapi. Zyumbyula alimkuta uwanjani, ngazi begani.

“Wewe ndiye uliyemkata binti yangu?”

“Nilikata mawimbi, bibi.”

“Sasa yeye si alikuwa humo ndani?”

Ognyan alikwenda chini ya saa ya halmashauri. Aliegemeza ngazi, akapanda, akaongeza nguvu kidogo. Kule mferejini Svetla akapiga hatua, akaingia majini. Akaongeza tena. Svetla akapanda ukingo wa Mahala, maji yakimchuruzika. Kengele ya sala ya jioni ikasikika, mkate ukanukia, na Minka akasikia:

“...na meno unapiga mswaki?”

“Ndiyo,” Minka alisema. Haikuwa kweli.

Dirisha la Meya likafunguka.

“Kehayov! Hiyo kengele mbona inakwenda mbali hivyo? Shusha!”

Ognyan alimtazama Meya, akatazama mfereji. Akashusha. Svetla alirudi kinyumenyume mpaka ukingo wa juu, mdomo ukiendelea.

Ognyan aliondoka kabla ya mavuno ya zabibu, akaenda Vidin, anatengeneza lifti za hoteli. Meya alichaguliwa tena. Padri amezoea nusu ya kengele. Zyumbyula alifariki majira ya baridi, na kengele ilipigwa kwa ajili yake kama desturi. Watu wake walisimama mferejini wakaiangalia ikiyumba. Svetla alikuja kuzika. Minka alimsikiliza siku nzima, akamwambia shangazi yake, “Huyu anasikika.” Pasaka ilipopita basi likamchukua Svetla tena, na safari hii Minka ndiye aliyemwaga maji.

Nyumba za Mahala hazina anwani. Kila jioni Svetla husimama ukingo wa juu, na Minka ukingo wa chini. Mtoto ameshajua kusoma midomo, hata darasani hutazama midomo ya watu badala ya kugeuza sikio. Mwalimu wake, mwanamke makini, ameandika kwenye ripoti kwamba mtoto ana tatizo la kusikia.