Usiku wa Majaribio Kinangop

Kila jioni Mama aliwasha jiko nje ya mlango wetu, mtaani Jericho, Nairobi. Alilipepea kwa kifuniko cha ndoo mpaka moshi ukaisha, kisha akakaa kwenye kigoda kungoja makaa yaive. Jioni moja mvua ilimwahi. Akazungusha leso vidoleni, akalinyanyua jiko, akavuka nalo kizingiti.

Nilikuwa nikichambua mboga za sukuma wiki. Sijui niliinuka vipi. Nakumbuka tu mikono yangu ikilisukuma nje, makaa yakilia kwenye maji, na yowe lililotoka kwangu kama la mtu mwingine.

"Wewe Muhonja! Unataka kunichoma? Nyumba inapumua, hii si gari!"

Watu wananijua kama msichana asiyejibu. Wanadhani ni haya.

Kaka yangu Luseno, fundi wa magari, hakuwa na haya hata chembe. Alinunua matatu kuukuu ya Nissan iliyochoka kubeba abiria, akang'oa viti, akamleta Muoki, seremala wa soko la Gikomba, apigilie kitanda na kabati ndani. Alitaka kuikodisha kwa watu wanaotamani kuzunguka nchi wakilala garini, mbali na nyaya za stima na maji ya bomba, hasa wale wasiojua waanzie wapi. Lakini kwanza, alisema, sisi wenyewe tulale nje usiku mmoja. Angewafundishaje asichokijaribu?

Tukaenda Kinangop, kwenye nyanda za juu zenye baridi, mwezi wa Julai. Aliomba ruhusa kwa mwenye shamba, akatafuta mahali tambarare, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Tulipika nje kwa jiko la makaa. Maji alinipimia kwa kikombe.

"Hiki ndicho cha mswaki, madam. Huku hakuna Mama wa kujaza mtungi."

"Nasikia baridi, Luse."

"Vaa soksi zangu."

"Zinanuka."

"Si ndiyo poa? Fisi hawatakaribia." Kisha akaacha mzaha. "Dirisha libaki wazi upana wa kidole. Na moto unabaki nje, hata inyeshe mawe. Umenisikia?"

Nilimsikia. Akageukia ukutani, akalala.

Baridi ile haikuwa ya kwetu, ambako joto la majirani hupenya ukutani. Kupitia kioo niliyaona makaa: mekundu, safi, bila uzi wa moshi. Nami nililelewa nikijua kwamba makaa yaliyoiva hayana neno. Ndivyo Mama alivyotulaza kila msimu wa baridi, jiko katikati ya chumba, chini ya paa lenye mianya kila upande. Nilishuka taratibu nisimwamshe. Nikaliingiza jiko. Nikafunga dirisha.

Alfajiri kichefuchefu kilinitoa nje nikitambaa, nikaangukia nyasini. Jua liliponiamsha nilimwita Luseno. Nikamwita tena.

Matangani waliimaliza kesi bila kuniuliza. Mwanaume mzima, fundi wa magari, aingize moto mahali pa kulala! Mama aliyaokota maneno hayo akayafanya yake: uzembe wa mwanawe ulimuua, nusura umuulie na binti. Miaka miwili aliyasema, kwa wageni, kwa watu wa kanisa, kwa picha ya Luseno ukutani. Na mimi, kila nilipolala, nilisikia kioo kikisogezwa polepole, upana wa kidole, halafu kimya, kama mtu anayengoja nimalizie kukifungua.

Nilitaka kusema. Lakini nilijua Mama angeuliza ni nani aliyenifundisha kuyaamini makaa, na nilijua angepata jibu kabla sijafumbua mdomo.

Jioni ile nilipolisukuma jiko, Mama alichuchumaa mvuani, akiyaokota makaa yaliyozimika moja moja. Hakuwa na hasira tena.

"Najua unamkumbuka," alisema. "Hata mimi. Lakini yule mjinga angetumia akili kidogo tu..."

"Usimwite hivyo."

Akainua uso. Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikimkatiza.

"Luseno alinikataza, Mama," nilisema. "Alilala akijua moto uko nje. Ni mimi niliyeuingiza."