Sikio Akabidhi Zamu

Kisa hiki nilikipata kwa shemeji yangu mwenyewe, mwaka juzi, siku aliyokuja kunitengenezea mguu wa kitanda. Alikisimulia huku misumari imo mdomoni, kwa hiyo penye mapengo nimeziba mimi.

Hospitalini shemeji huyu walimwita Sikio. Kwa miaka ishirini na miwili alitunza seva, ile kompyuta kubwa iliyobeba mafaili ya wagonjwa wote: nani ana damu ya kundi gani, nani dawa fulani humdhuru. Kila saa alifungua kile chumba cha baridi, akaegemeza sikio ubavuni mwa kabati la chuma, akasikiliza feni zinavyohema. Hata akiwa likizoni alikwenda. Mwaka wake wa kwanza diski ilijaa kimyakimya, mashine ikagoma, na mama mmoja aliyekuja kujifungua akangoja asubuhi hadi alasiri faili lake lisionekane. Mama alipona, mtoto akapona. Sikio ndiye hakupona.

Sasa umri wa kustaafu ulikuwa umefika, na presha imempanda. Daktari akamwambia alale. Mkewe akasema, "Huyu atalala mashine ikilala." Ndiyo maana siku yake ya mwisho kazini alikuja binti wa dada yake, fundi wa kompyuta, aweke kitu cha kuilinda seva badala ya mjomba. Kama kisingefaa, Sikio alijijua: angestaafu kwa barua tu, miguu ingeendelea na zamu.

"Ni jambo dogo, mjomba," binti alisema. "Programu yangu inakaa kwenye kompyuta nyingine. Kila dakika inaingia kwenye hifadhi ya taarifa iliyo ndani ya seva, kwa kiunganishi kilekile cha kawaida wanachotumia wote, inauliza: diski imejaa kiasi gani, watu wangapi wamo ndani, nani amekwama. Ikiona mambo si mazuri, simu yako inalia."

"Na mlangoni inaingia kama nani?"

"Kama yeyote mwenye jina na neno la siri."

"Basi tumia langu."

Akaliandika kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa. Lilikuwa jina la kwanza kusajiliwa kwenye ile hifadhi. Fundi aliyemfundisha kazi, marehemu sasa, alilisajili huku akicheka, chumba bado kinanuka rangi mbichi, na huko koridoni makaratasi ya zamani yakipita kwa toroli na vumbi lake, wauguzi wakipiga chafya nyuma yake. Wale wauguzi wote walishaondoka. Jina lilibaki.

Kioo cha kompyuta kikawaka kijani. Watu thelathini na saba ndani, diski ina nafasi.

"Umeona? Nenda nyumbani."

"Ninywe chai kwanza."

"Chai yako haina kikombe cha mwisho, mjomba."

Kweli hakwenda. Alikuwa kwenye kikombe cha tatu, saa sita imeshapita, alipoinamia kioo. "Hebu njoo. Hii thelathini na saba haijatikisika."

"Si imetulia?"

"Mwanangu, saa hizi zamu ya asubuhi inatoka, ya mchana inaingia. Mgonjwa ambaye joto lake halipandi wala halishuki hata kidogo, huyo hajapimwa."

Binti akafungua kumbukumbu za programu, akazisoma mstari kwa mstari. Kila dakika ilikuwa ikifukuzwa mlangoni. Ofisi ya utumishi ilikuwa imelifunga jina la Sikio saa sita kamili, kama barua ya kustaafu ilivyosema. Programu, ikikosa jibu jipya, ilibaki na lile la mwisho, kijani kimenawiri.

"Kosa langu," binti alisema polepole. "Niliiambia ilie ikiona ubaya. Sikuiambia ilie ikikosa kuona."

"Na mimi nimekupa ufunguo wa mtu anayehama."

"Niwaombe wakufungulie?"

Sikio aliliangalia lile jina pale kwenye kioo kwa muda mrefu. "La. Liache lipumzike. Mpe huyu lake mwenyewe, tena la kutazama tu. Mlinzi wa chungu hapewi mwiko."

Binti akasajili jina jipya, akaweka amri: jibu lisipokuja kwa dakika tatu, simu ilie. Kisha wakalifunga hilo jipya kwa makusudi, wakangoja. Dakika ya tatu simu ikalia mfukoni mwa Sikio. Wakalifungua, simu ikatulia, namba zikaanza kucheza.

"Rudia," Sikio akasema.

Walirudia mara tatu.

"Mjomba, hata mkwe hakaguliwi hivi."

Alipofika nyumbani jua bado liko juu. Mkewe akamtazama. "Umesahau nini?"

"Sijasahau. Nimekuja kulala."

Mkewe akampima paji la uso kwa kiganja, akavuta pazia. Miaka yote hiyo mama huyu alikuwa akilala huku anasikilizia kitasa, basi yeye ndiye aliyetangulia kulala, akakoroma. Sikio akabaki macho, simu kando ya mto. Ilipotimia saa, miguu ikajikusanya kwenda, kama kawaida yake. Akaisubiri imalize. Simu ilikuwa kimya, ila kimya cha leo kilikuwa na mtu ndani yake. Akageuka upande wa ukutani, akalala.