Tairi Moja Iliyosoma Mia

Madereva wa karakana yetu waliniita Mzee Alfajiri, nami sikukasirika. Kwa miaka thelathini na moja nilipima upepo wa tairi kabla jua halijachomoza. Tairi ya tela hupimwa ikiwa baridi. Ikishatembea hupata joto, upepo wa ndani hutanuka, na geji, kile kipimo cha upepo, husoma zaidi. Hayo niliyajua shule ya usiku, nikiwa na miaka arobaini na mbili, mwalimu wangu akiwa mdogo kwangu kwa miaka kumi. Alishikilia puto karibu na taa ya moto, likavimba machoni petu. Sijalisahau puto lile.

Siku hiyo kitindamimba wangu alikuwa anatoka na tela kwa mara ya kwanza, amebeba pampu ya maji ya hospitali. Msimamizi alimwambia mbele yangu:

"Safari moja tu, dada. Tairi ikipasuka, unarudi ofisini kupanga mafaili."

Dereva tuliyemwita Tingatinga, ambaye lori lake lingetangulia, alinikuta nimepiga magoti na geji yangu.

"Mzee Alfajiri, umeshaziamkia tairi? Zimeitikia marahaba?"

"Zimeitikia. Zote nane zimesema mia, na spea pia. Zako nani kaziamkia?"

"Zangu zina adabu, zinaniamkia mimi!"

Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Binti yangu hakucheka. Aliichukua geji yangu, akaitia mfukoni, akapanda.

Saa saba mchana, jua likiwa utosini na lami ikinata chini ya viatu, simu yangu ikalia.

"Shikamoo Baba. Tumesimama kupumzika. Tairi saba zinasoma mia na kumi na sita. Moja tu, ya nyuma kushoto, upande wa nje, inasoma mia kamili. Tingatinga ameshapunguza upepo wa tairi zake zote. Anasema nami nizishushe hizi saba, zilingane na hii nzima."

Nyuma yake nilimsikia Tingatinga akipaza sauti: "Mwambie mzee zimevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta!"

Nilitaka kupiga kelele, lakini aliyeshika usukani alikuwa yeye, si mimi.

"Mwanangu, mtu aliyetoka mbioni humhesabii mapigo ya moyo ukasema anaumwa. Ukizipunguza sasa zitabaki na njaa. Tairi yenye njaa hujikunja kila inapozunguka, joto linazidi, mwisho inapasuka. Sasa nijibu wewe: zote nane zimekimbia pamoja. Mbona moja haina jasho?"

Akapumua kwa nguvu.

"Baba! Hiyo ndiyo mgonjwa. Inavuja!"

Nilimsikia akiilaza simu chini, halafu kiatu chake kikikwaruza changarawe. Aliporudi sauti ilikuwa juu: "Msumari, Baba! Mrefu kama kidole changu!"

"Basi unajua la kufanya."

Alipiga jeki, akaitoa tairi, akafunga spea. Tingatinga hakumngoja. Alipiga honi mara tatu kwa dhihaka, akaondoka.

Sikuweza kula. Nilifagia karakana ambayo tayari ilikuwa imefagiwa. Saa kumi simu ikalia tena, na kabla sijasema lolote nikasikia kicheko cha mwanangu.

"Nimempita, Baba. Yuko kando ya barabara, tairi mbili zimechanika vipande vipande. Nimesimama, nimempa maji ya kunywa."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemuuliza tu: kaka, uliziamkia?"

Nilicheka mpaka fundi wa breki akatoka chini ya gari kuniangalia.

Pampu ilishushwa hospitalini jua halijazama. Binti yangu aliporudi, msimamizi alimkabidhi funguo za lori lenye tela lile.

"Ni lako," alisema. Hakuongeza neno, wala hatukulihitaji.

Jumatatu alfajiri nilifika mapema kama kawaida, nikakuta mtu amenitangulia. Alikuwa Tingatinga, magoti chini, geji mpya mkononi, ameinama mbele ya tairi ya kwanza. Aliponiona alijikuna kisogo.

"Shikamoo," alisema, na sikujua anamwamkia nani, mimi au tairi.

"Marahaba," nikaitikia kwa niaba yetu sote.