Udongo wa Linga

Posa ya Kalista ilikwenda vizuri mpaka mshenga alipotaja Linga.

Linga ni handaki la kale mgongoni mwa vilima vya Kasense. Nani alilichimba, hakuna ajuaye. Kalista alizaliwa upande huu. Flavian, aliyekuja kumposa, alitoka upande wa pili. Wazee wa pande zote wanasema linga maana yake ni ngome. Ngome ya nani, hapo ndipo panapowaka moto.

"Tumevuka ngome yetu wenyewe kuja kwenu," alisema mshenga Polikarp, akipangusa povu la pombe ya ulezi mdomoni. "Babu zetu waliichimba msituibie ng'ombe."

Bibi yake Kalista, Coleta, aliuchukua mtungi mbele ya mgeni akaurudisha jikoni.

"Bibi, ni utani," Kalista alinong'ona.

"Utani una utamu wake, huu hauna. Ngome ni yetu, tuliichimba kuwazuia wao. Akiri, au aondoke na posa yake."

"Nikikiri, mama, kwetu nitarudi na uso gani?" alijibu Polikarp.

Flavian alitazama viatu vyake. Kalista aliiona ndoa yake, iliyokuwa itangazwe kanisani Jumapili, ikitumbukia handakini hivi hivi. Akakasirika. Na hasira yake ilikuwa na akili.

"Bibi, ukichimba kwa jembe udongo unakwenda wapi?"

"Unauvuta miguuni pako. Hata mtoto anajua."

"Basi aliyechimba Linga aliacha tuta upande wake. Twendeni tukaone liko wapi."

Wazee walitazamana. Miaka yote wamevukia barabarani, ambako mikokoteni imesaga kingo zikawa tambarare; kwingine ni vichaka vitupu. Lakini wiki ile moto ulikuwa umepita mlimani ukateketeza vichaka.

Wakapanda. Coleta alitangulia na fimbo yake, Polikarp nyuma akihema na kusema babu zake walikuwa na mapafu mazuri zaidi.

Walipofika walisimama ukingoni. Tuta lilikuwapo upande huu, kubwa, limekaa kama ng'ombe aliyelala. Na upande wa pili lilikuwapo jingine, kubwa vile vile.

"Walichimba wote," alisema Flavian. Tangu asubuhi lilikuwa neno lake la kwanza.

"Huku wakitukanana," aliongeza Kalista. "Labda linga si ngome. Labda ni kulingana."

"Au kulinga," Coleta alisema, akatikisa mabega kama mchezaji ngoma. "Labda palikuwa uwanja wao wa ngoma."

Polikarp, asiyekubali kushindwa na bibi, naye akatikisa mabega ukingoni. Majivu yakateleza. Akashuka handakini kwa makalio, kofia ikamtangulia.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka bondeni. Coleta alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamnyooshea fimbo.

"Shika. Ila ukipandia huku, umeingia kwetu."

"Ndiko nilikokuwa nakuja, mama, kabla hujaninyima pombe."

Akapanda, mweusi tii kwa majivu. Coleta akampangusa bega kwa kitenge chake.

"Kalista, mwanangu," alisema, "kimbia utangulie. Urudishe mtungi mahali pake."

Kalista hakukimbia. Alimshika Flavian mkono, wakashuka wakiruka kila kisiki, na nyuma yao wazee walikuwa wameanza upya kubishana, safari hii nani kati ya babu zao alichimba kwa uvivu zaidi.