Kinubi cha Mama Kasrini

Libuše alikuwa hajakanyaga kwao Moravia tangu alipozozana na mama yake na kuhamia Vienna. Hata mama alipofariki, mazishini hakufika. Alipokuja hatimaye, mdogo wake Bořivoj alimpeleka kwenye kasri lililogeuzwa makumbusho ya ala za kale za muziki, akidai anataka tu apunge hewa.

Mlangoni walivalishwa sapatu nzito za sufi juu ya viatu, sakafu isikwaruzike. Libuše akateleza mbele, chini ya malaika wa plasta wenye mashavu ya kuvimba, akavipita vinanda na zumari. Kwenye chumba cha vinubi akasimama ghafla.

Nyuma ya kamba kilisimama kinubi chenye alama nyeusi ya kuungua. Mshumaa wa Krismasi ulikiunguza nyumbani kwao, yeye akiwa na miaka saba. Aliyechapwa ni Bořivoj.

"Uliniambia kilioza kwenye mafuriko."

"Nilikudanganya, dada."

"Uliwapa wewe?"

"Mama ndiye aliyesema kiondoke."

"Usimsingizie maiti, Bořivoj!"

Mlinzi, mama mmoja mnene, akawatupia jicho. Bořivoj akashusha sauti.

"Mlango ukibamizwa, nyuzi zilikuwa zinalia zenyewe. Unakumbuka? Basi kila zikilia, Mama anainuka jikoni na mikono yake ya unga, anakimbilia sebuleni. 'Libuška karudi!' Anakuta ni mimi. Miaka yote hiyo, dada, anakuta ni mimi tu. Siku moja akakaa chini sakafuni, akaniambia, 'Kipeleke mbali, kitaniua.'"

Libuše akakisogelea kinubi hadi kwenye kamba. Alikuwa ameshika moyoni kwamba mama yake alimfuta kama vumbi. Chuki hiyo ndiyo iliyomwezesha kuishi. Akanyoosha mkono kuvuka kamba.

"Bibi, hakiguswi," alisema mlinzi.

"Kilikuwa cha kwetu."

"Wengi husema hivyo. Tafadhali."

Akaurudisha mkono. Akatoka haraka, nusura aanguke na zile sapatu, akaketi kwenye ngazi za marumaru. Bořivoj akaketi karibu, lakini si karibu sana.

"Kwa nini hukuniandikia haya?"

"Alinikataza. Alisema, 'Akirudi, arudi kwa kupenda, si kwa kunionea huruma.'"

Libuše akazivua sapatu, moja baada ya nyingine.

"Nipeleke kaburini."

"Leo hii?"

"Leo. Na njiani usinisemeshe."