Vigingi Viwili Vyekundu

Mchwa wa Temeke hawaachi kitu. Mwaka tuliohamia nyumba hii walikula miguu ya kitanda, wakala kizingiti cha mlango wa uani, wakamaliza na sanduku la mume wangu lililokuwa na kanzu yake ya Idi. Kwa hiyo sikushangaa siku niliyokuta vile vijiti viwili tunavyoviita mashahidi, kimoja cha kichwani na kimoja cha miguuni, vimebaki maganda matupu juu ya kaburi la mwanangu. Nilikigusa cha kichwani kwa kidole, kikavunjika kama mkate mkavu.

Badriya alikufa kwa surua mwezi wa nne, na huo ulikuwa mwezi wa saba. Miezi mitatu tu. Aliishi miaka minne.

Alizikwa peke yake. Makaburi yetu ya zamani yalikuwa pale penye minazi ya Bi Nunu, mama wa mume wangu, lakini mwaka ule wapima wa Reli walikuwa wamepitisha kamba yao katikati. Reli ilikuwa inaongezwa. Njia mpya ingetoka kwenye ile ya Pugu, ipite kwetu Temeke, ishuke Kurasini kwenye magati mapya, na asubuhi na jioni kungekuwa na treni ya kuchukua wafanyakazi. Walituambia kutakuwa na kituo. Watu walifurahi, na mimi nikiwemo. Mtu wa Temeke aliyekuwa na kibarua bandarini aliondoka kwake kabla ya adhana ya alfajiri, akarudi giza limeshaingia, yote kwa miguu.

Basi Jumbe Jamali akatangaza kuwa makaburi ya minazini yamefungwa, kwa sababu reli itapita juu yake. Waliomo watahamishwa kiangazi kwa gharama ya Reli, na atakayekufa azikwe kwenye kiwanja kipya, hatua kama mia kutoka njia ya reli. Alisema masika yakiisha atapanda minyaa kukizunguka. Mwanangu akawa wa kwanza kuzikwa pale. Hakukuwa na kaburi jingine hata moja, wala ua, wala ubao. Majani tu.

Sie wanawake hatufuati jeneza. Sikuona walipomlaza, nilikuja kuonyeshwa baadaye. Kwa hiyo vile vijiti vilikuwa ndio macho yangu. Nilikwenda kila Alhamisi alasiri, na Bi Nunu alininung'unikia kila nilipokwenda. Alisema mwanamke akizoea kaburi mno humzuia maiti asipumzike. Nilimjibu kwamba mimi humpalilia tu. Ilikuwa kweli. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kulisawazisha lile tuta dogo, majani yakafunika, na bila vijiti hata mimi nisingejua pa kusimama.

Mume wangu, Mwinjuma, alikuwa mtu wa wapima. Alishika mnyororo wa kupimia na kupigilia vigingi. Wakati huo walikuwa wamempeleka Pugu, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Nyuma ya mlango wetu alikuwa ameacha kifurushi cha vigingi. Vilikuwa vya mti mgumu, vimechongwa sawasawa, vimechovywa kwenye dawa nyeusi yenye harufu kali. Vilikuwa vimekaa pale miezi miwili na mchwa hawakuvigusa. Mlango wenyewe waliula, vigingi wakavizunguka.

Nilivitazama vigingi vile siku tatu. Vingi vilikuwa na kichwa cheupe na namba. Vichache vilikuwa na kichwa chekundu bila namba. Mimi nimesoma, namba ninaijua kazi yake. Nikajiambia kwamba chenye namba kina mahali pake, kikikosekana mtu ataulizwa. Kisicho na namba ni cha ziada. Nikachukua viwili vyekundu.

Ningeweza kumngoja Mwinjuma nimuulize. Sikumngoja kwa sababu nilijua atakataa. Mambo ya kaburi ni ya wanaume, na vigingi ni vya serikali. Alhamisi ile nilitia nyundo kwenye kapu chini ya majani ya muhogo, nikaenda, nikavipigilia palepale vilipokuwa vijiti, kichwani na miguuni. Nilifikiri kukwangua ile rangi. Kisha nikaona ni bora ibaki, itanisaidia kuona kwa mbali. Nilirudi nyumbani nimetulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Nikapika, nikala, nikalala.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zimeanza, nilijifungua. Mtoto wa kike tena. Mkunga akanifungia ndani siku arobaini, ndivyo desturi, na Bi Nunu alilisimamia hilo kama askari jela. Hata uani nilitoka kwa kusindikizwa. Alhamisi zikapita bila mimi kwenda.

Kazi ya reli ilitufikia katika siku hizo. Nikiwa kitandani nilisikia sururu, nikasikia toroli, nikasikia watu wa bara wakiimba kwa lugha zao. Wanawake waliokuja kunitazama walileta habari. Bondeni palikuwa pamejaa maji, kwa hiyo lilijengwa tuta kubwa la udongo ili reli ipite juu, na chini yake wakaweka kalvati tatu za kupitisha maji. Mmoja akaniambia mhandisi ameisogeza njia kidogo ili kukwepa mtelemko, na yale makaburi ya minazini hayaguswi tena. Marehemu wetu wa zamani wote wangebaki walipo.

Nilifikiri juu ya hilo siku nzima. Kama Badriya angezikwa minazini, angekuwa na babu yake. Lakini nikajifariji kwamba hata alipo ni pazuri, na kuna alama.

Siku ya arobaini na moja nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda kabla Bi Nunu hajaamka. Nilitafuta rangi nyekundu kwa mbali kama nilivyozoea. Sikuiona. Nikaenda mbele zaidi, nikasimama kwenye ukingo wa shimo.

Lilikuwa shimo refu kama nyumba nne zilizopangwa mstari mmoja, kina chake kimo cha mtu mzima, na nusu yake maji mekundu. Vyura walikuwa wanalia ndani. Upande wa pili shimo lilikwisha na majani yakaanza, majani yaleyale niliyokuwa nikiyapalilia.

Nilishuka hadi kwenye tuta ambako gengi la vibarua lilikuwa linashindilia kokoto. Nyapara wao aliitwa Adelard, Mhaya, mtu mpole mwenye msalaba shingoni. Nikamuuliza nani amechimba pale juu. Akasema ni wao. Nikamuuliza kwa nini pale. Alinijibu kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. Vigingi vyeupe ni njia ya reli. Vyekundu viwili ni mahali pa kuanza kuchota udongo wa tuta, upana na urefu wanapima wenyewe kwa hatua.

"Palikuwa na mtoto pale," nikamwambia.

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamwona anaelewa. Akawageukia watu wake akawauliza kwa lugha yao, na wote wakasema hapana isipokuwa mmoja, kijana mrefu mwenye sepetu, aliyeinamisha kichwa akatazama miguu yake. Adelard akamuuliza tena. Kijana akajibu maneno mawili matatu.

"Amesema nini?"

"Anasema mvua ilikuwa kubwa, mama. Ilikuwa tope tupu. Anasema aliona kitambaa, akadhani ni gunia bovu."

Nikauliza udongo wa pale ulikwenda wapi. Akaninyoshea mkono: kutoka kalvati ya pili mpaka ya tatu. Nikamuuliza wapi hasa. Akasema walimwaga, wakashindilia, wakamwaga tena, siku nane, watu arobaini, kwa makarai. Hakuna anayeweza kujua.

Jioni ile Mwinjuma alirudi kutoka Pugu, akalisikia njiani kabla hajafika kwangu. Hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa Jumbe Jamali, na alipofika kwake alikuwa ameshapata maelezo yake mwenyewe. Alisema yeye ndiye aliyepigilia kila kigingi chekundu cha Temeke. Anavijua vyote, na pale hakupiga kigingi. Kwa hiyo nyapara alihamisha alama ili watu wake wachimbe udongo laini badala ya kule alikopangiwa, kwenye mawe. Ameona kaburi, akachimba makusudi.

Asubuhi tuliitwa barazani kwa jumbe. Alikuwepo pia msimamizi wa kazi, Singasinga mmoja mwenye daftari, ambaye alisema maneno machache sana. Ikithibitika, nyapara atapelekwa polisi na gengi lote litaachishwa kazi. Adelard alikuwa amesimama uani ameshika kofia. Aliapa kwa Mungu wake kwamba vigingi alivikuta. Mwinjuma akamwita mwongo, akamwita mla maiti, na mengine ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake miaka saba ya ndoa. Watu walikuwa upande wake. Jumbe naye alikuwa upande wake, nilimwona. Yule kijana mrefu alikuwa analia bila sauti.

Mie nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, namnyonyesha mtoto. Ningenyamaza, mambo yangekwisha pale. Mume wangu angekuwa na mtu wa kumchukia, na mtu huyo asingekuwa mimi.

"Ni mie niliyeviweka," nikasema.

Mwinjuma hakugeuka. "Mama Badriya, nyamaza. Hujui unalosema."

"Nilivitoa nyuma ya mlango, kwenye kifurushi chako. Vile vijiti vilikuwa vimekwisha kuliwa. Nilichukua visivyo na namba ili nisikuharibie kazi."

Jumbe Jamali akavua miwani, akaniuliza kwa upole kwa nini vigingi vya Reli, binti yangu, na miti imejaa Temeke.

"Mchwa hawavili," nikasema.

Msimamizi akafunga daftari. Mwinjuma alinitazama sasa, na nikatamani arudi kutazama mbele.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ungekataa."

"Ningekataa," akasema. "Ndiyo. Ningekataa." Akavaa viatu vyake akaondoka.

Adelard na watu wake waliruhusiwa kurudi kazini. Alipopita mbele yangu alisimama kidogo kana kwamba anataka kunishukuru, akaona haifai, akaenda zake. Bi Nunu alikunja mkeka, akatangulia nyumbani. Ningependa angeninung'unikia.

Nilimwomba jumbe tuta lifunguliwe. Niliandika barua mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, na jumbe akaipeleka. Jibu lilikuja baada ya siku tano, la adabu, lenye pole. Kokoto zimeshamwagwa, mataruma ya kubeba vyuma yamepangwa, vyuma vimefungwa, na treni ya kwanza ni Jumatatu. Kulifungua tuta refu namna ile bila kujua mahali haiwezekani. Shehe wetu akasema dua haipotei njia, itafika popote alipo. Jumbe akashauri shimo lifukiwe na pawekwe mashahidi wapya palepale, nipate mahali pa kwenda. Mwinjuma alikubali haraka. Mimi nilikataa. Hapo hakuna mtu. Siwezi kupalilia udongo usio na mtu.

Jumatatu watu wote walikwenda kuipokea treni. Ilikuja na mabehewa manne mapya, ikapiga honi, ikapita. Kituo hakikujengwa. Tulikuja kusikia kuwa kituo ni Kurasini tu, na mtu wa Temeke anayetaka kupanda treni aende kwa miguu mpaka kule ilikotoka au kule inakokwenda. Mwezi uliofuata Mwinjuma aliomba kazi ya upimaji Mpanda, akapewa. Huleta matumizi kwa posta. Barua zake humsalimu mama yake, humsalimu mtoto, kisha huuliza kama mvua imenyesha.

Kiwanja kipya hakuna aliyezikwa tena. Shimo lile watoto wanaogelea.

Alhamisi bado naenda. Kutoka kalvati ya pili hadi ya tatu kuna mataruma mia nne na kumi na mawili. Naanza Yasini kwenye la kwanza, natembea pembeni taratibu, na nikiisoma kwa mwendo wangu huisha karibu na la mia mbili, kwa hiyo naisoma mara mbili. Mtunza njia amekwisha kunizoea, hanifukuzi tena.

Saa kumi na moja na robo hupita treni ya jioni, inawarudisha wafanyakazi wa bandarini. Nikisikia honi nateremka majanini, naipisha, ardhi inatetemeka mpaka kwenye meno. Watu wa madirishani hunipungia mkono. Wanadhani nimetoka kuja kuitazama. Mdogo wake Badriya, ambaye sasa ni mzito mgongoni, amekwisha kujifunza kuwajibu.